Betri ya pili iliyomaliza tatizo la friji kwenye gari la safari

Mara tatu, alfajiri kambini Seronera, Serengeti, Land Cruiser yangu ilikataa kuwaka. Friji ya wageni ilikuwa imenyonya betri usiku kucha. Nikanunua nyingine kubwa zaidi, ya aina ileile ya kuwashia gari. Ikafa baada ya miezi minne. Kumbe tatizo si ukubwa. Betri ya kuwashia ina sahani nyembamba: hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha alternata, jenereta inayozungushwa na injini, huirudishia. Ukiikausha mara kwa mara unaiua.

Nikapiga hesabu. Friji yangu huvuta ampea 4 ikiunguruma, na kwenye joto huunguruma karibu nusu ya muda: ampea-saa 48 kwa siku. Betri ya risasi, hata ile iliyotengenezwa kutumika polepole, haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo kwa ajili ya friji nikaongeza betri ya pili, AGM (betri ya risasi iliyofungwa) ya ampea-saa 100. Lithiamu ni nyepesi na hutoa zaidi, ila bei ilinishinda.

Fundi umeme akafunga relei inayotenganisha betri hizo mbili injini ikizimwa, na fyuzi karibu na kila betri. Tafadhali, fyuzi usiiache. Waya ukichunika gari linaungua. Siku hizi alfajiri betri ya friji inasoma volti 12.4, na injini inawaka mara moja.