Siku moja maishani mwangu: mratibu wa huduma za VVU, Mathare, Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri. Ninachemsha chai nyumbani kwangu Huruma, na kabla sijamaliza kikombe ninameza kidonge changu cha siku. Nilianza dawa za ARV mwaka 2012, enzi ambazo mtu aliyepatikana na virusi hakuandikiwa dawa mpaka seli zake za CD4, zile za kinga ya mwili, zishuke chini ya 350, na kwa hiyo nilikaa karibu miaka miwili nikipimwa damu na kurudishwa nyumbani kungoja mwili udhoofike vya kutosha. Utaratibu huo uliondolewa nchini Kenya mwaka 2016. Siku hizi anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja, hata siku hiyo hiyo akiwa tayari. Mtu anaponiambia kwamba dawa zimemchosha, ninamsikiliza kwa makini, lakini miaka ile miwili hainitoki moyoni.

Saa kumi na mbili na nusu. Siku mbili kwa wiki dirisha letu la dawa hufunguliwa mapema, jambo tulilolipigania kwa muda mrefu. Walio kwenye foleni ni vibarua wanaotembea kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, na atakayechelewa langoni atakuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Anayekosa siku ya kliniki hudhaniwa kuwa hajali afya yake, ilhali wengi niliowafuatilia walikosa kwa sababu kliniki ya saa tatu asubuhi iliwagharimu ujira wa siku nzima. Wenye hali imara hupewa dawa za miezi mitatu, vidonge 90 ndani ya chupa moja, na karibu kila mmoja huomba pamba ya kujazia, maana chupa hiyo hulia kama kayamba ndani ya mfuko. Pamba sikosi kuiweka mezani.

Saa mbili. Ninaanza kuwapigia simu waliokosa kufika. Leo ni kumi na mmoja. Sheria ya VVU ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, kwa hiyo tumekubaliana na kila mmoja jinsi nitakavyojitambulisha. Kwa mama mmoja mimi ni fundi wa cherehani. Kwa baba mmoja anayelala chumba kimoja na wafanyakazi wenzake wanne, mimi ni katibu wa chama. Saba wanapokea, wawili wamezima simu, na wawili nambari zao hazipo tena. Kabla ya mafuriko ya Aprili 2024 ningekwenda kubisha hodi, lakini baada ya ubomoaji uliofuata kando ya Mto Mathare, maelekezo mengi yaliyo kwenye faili zetu yanakupeleka mahali pasipo na nyumba.

Saa nne na nusu. Yule wa chama amefika mwenyewe, amekonda na anakohoa. Wiki mbili zilizopita alianzishiwa dawa za kifua kikuu katika kituo kingine, na hakuna aliyetuarifu. Rifampisini, iliyomo katika dawa hizo, huufanya mwili uivunje dolutegraviri, dawa yake ya VVU, haraka kupita kawaida, na kwa sababu hiyo anayetumia zote mbili anapaswa kumeza dolutegraviri ya miligramu 50 mara mbili kwa siku. Yeye amekuwa akimeza mara moja tu, kwa uaminifu kabisa, kama tulivyomwagiza. Daktari anamwongezea kidonge cha jioni, nami ninaandika barua na kuipeleka kwa mkono katika kituo kile, kwa kuwa barua anayopewa mgonjwa mara nyingi huishia mfukoni. Ninatamani siku itakayofika ambapo milango hii miwili itazungumza bila mimi kukimbia kati yake.

Saa saba ninakula githeri kwa haraka.

Saa nane. Pamoja na mhamasishaji wa afya ya jamii, ninamtembelea shosho anayemlea mjukuu wa miaka 15, yatima aliyezaliwa na virusi. Vipimo vyake viwili vya mwisho vimeonyesha virusi vingi katika damu. Mtoto huanza kuelezwa kidogo kidogo tangu akiwa mdogo, ili afikapo ujana awe amekwisha kujua jina la ugonjwa wake. Huyu ameambiwa miaka yote kwamba ni dawa za kifua, na kwa kuwa kifua hakimsumbui, ameacha kuzimeza. Shosho anamtuma dukani kununua sukari, kisha anasema kwa sauti ya chini:

“Mwanangu, nikimwambia, ataniuliza mama yake alikufa na nini.”

“Shosho, ameshauliza. Aliniuliza mimi wiki jana, nikamwambia kwamba wa kumjibu ni wewe.”

Ananyamaza kwa muda mrefu, kisha anauliza kama kijana huyo ataweza kuoa. Ninamweleza kwamba akimeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono, na kwamba ataweza kupata watoto wasio na virusi. Anataka nirudie, nami ninarudia. Tunapatana kuonana kliniki siku ya Alhamisi, mshauri akiwepo: yeye ndiye atakayesema, kwa lugha yake, nami nitaketi kando yake.

Saa kumi na moja jioni. Tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wenzangu wawili tuliofuatilia nao wagonjwa hawajarudi kazini, na orodha zao zimekuwa zangu. Fomu ina nafasi ya kuandika “amekosa” tu. Pembeni ninaongeza sababu kwa kalamu: nauli, kibarua, amehama, mume hajui.

Saa tatu usiku simu inalia. Ni ujumbe mfupi: “Katibu, mchango wa jioni nimetoa.”