Aprili kazini, mlimani Yoshino

Saa kumi na moja alfajiri. Ni katikati ya Aprili lakini baridi bado inauma. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Yoshino, mkoa wa Nara, Japani, na kabla ya kuinjika wali natoka kuutazama mlima. Ni sehemu ya kazi, maana kila mgeni ataniuliza maua yamefika wapi. Micheri kama 30,000 imetandaa kwa mafungu manne toka chini hadi juu, na haichanui kwa pamoja. Leo kule chini, Shimo-senbon, maua yanapukutika. Naka-senbon na Kami-senbon yamejaa tele. Oku-senbon, juu kabisa, bado matumba.

Saa kumi na mbili na nusu nasikia baragumu la kombe kutoka hekalu la Kinpusen-ji. Yamabushi, mahujaji wa milimani, wanapita mlangoni kwetu wamevaa nguo nyeupe, kikofia cheusi kimefungwa juu ya paji la uso, ngozi ya mnyama ikining'inia kiunoni kwa nyuma.

Saa nne barabara haipitiki kwa watu. Mgeni mmoja analalamika kwamba majani mekundu yameshatoka, kwa hiyo amechelewa. Hajachelewa. Mcheri wa porini hutoa jani na ua kwa wakati mmoja, tofauti na ile ya mijini. Mwingine anavunja kitawi apige nacho picha. Mama mwenye nyumba, ambaye sijawahi kumsikia akifoka, leo amefoka. Inasimuliwa kwamba En no Gyoja, mwanzilishi wa Shugendo, dini ya hao yamabushi, alichonga sanamu ya mungu wao Zao Gongen kwa mti wa mcheri zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Tangu hapo waumini wakawa wanapanda micheri kama sadaka. Wengi wanadhani ni bustani. Wenyeji wanaiona kama madhabahu.

Mchana nakula kakinoha-zushi wima jikoni: kipande cha kibua kilichotiwa chumvi juu ya wali wenye siki, vimefungwa kwa jani la kaki (mti wa matunda, persimoni) na kukandamizwa. Jani haliliwi. Kila siku kuna anayelitafuna.

Saa tisa wageni wapya wanaingia, na mizigo ndiyo inayonimaliza. Nyumba zetu zimejengwa kwenye mgongo wa mlima, hivyo ukiingia kwa mlango wa barabarani umeshafika ghorofa ya juu, na vyumba unashukia. Watu wanasimama na masanduku wakitafuta ngazi ya kupandia.

Saa moja usiku, chakula kikiendelea, mume na mke wananiuliza kuhusu Omine Okugake, njia ya mahujaji inayopita milimani hadi mahali patakatifu pa Kumano. Iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2004. Nawaambia ukweli: ikifika mlima Sanjogatake, wanawake hawaruhusiwi kuvuka lango, hadi leo. Mke ananikazia macho, kana kwamba sheria nimeitunga mimi. Nawaelekeza Oku-senbon, kwenye kibanda cha Saigyo, mshairi wa karne ya 12; huko wanakwenda wote wawili, na msongamano ni mdogo.

Saa tatu natandika magodoro, kisha naandika oda ya asubuhi. Wali, supu ya miso, samaki wa kuchoma. Yule mke hali samaki, nimwekee tofu.