Grenada, Mimi na Baba Salma

Miaka mingi kule Toronto mimi na Baba Salma tulikuwa watu wa kupishana mlangoni. Yeye aliendesha basi zamu ya usiku, mimi nilifanya kazi ya mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee. Anaporudi alfajiri, mimi navaa koti. Chakula chake namwachia mezani, kimefunikwa kawa. Kikombe changu cha chai nakuta amekwisha kukiosha. Watoto tuliwalea hivyo, na Alhamdulillahi walikua vizuri. Lakini mazungumzo yetu yote yalikuwa ya bili, ya theluji iliyoziba njia ya gari, ya nani atakwenda shule kumsikiliza mwalimu.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 Salma na mdogo wake walitulipia safari ya meli ya kitalii, wiki moja kwenye visiwa vya Karibi, kuanzia San Juan, Puerto Rico. Ilikuwa Februari, Toronto imeganda. Baba Salma alisitasita. "Nikakae melini wiki nzima nafanya nini?" Salma akamjibu, "Baba, ukae na mama." Hakuuliza tena.

San Juan hatukuiona sana. Tulitembea jioni moja mji wa kale, kwenye zile njia za mawe ya rangi ya buluu, mpaka chini ya ngome ya El Morro, kisha tukapanda meli. Nilikuwa na hofu ya chakula, lakini tangu tunakata tiketi Salma alikuwa ameomba tupikiwe halali, na msimamizi wa meza zetu alikuwa kijana wa Kiindonesia, Mwislamu mwenzetu. Kila asubuhi alikuja kututolea salamu na kutwambia kipi tule na kipi tupishe mbali. Namwombea dua hadi leo.

La kibla nalo lilitushughulisha. Meli inageuka, nawe umo ndani ya chumba. Baba Salma akagundua kwamba televisheni ya chumbani ina stesheni moja inayoonyesha ramani, meli ilipo na inakoelekea. Kutoka kule Makka iko mashariki, imepinda kidogo kaskazini. Basi kila wakati wa sala unapoingia anatazama ramani, anapima kwa mkono, anageuza mswala. Siku moja tulisali tumeelekea kabatini, siku nyingine tumeelekea roshani na bahari yote mbele yetu.

Roshani ile ndiyo iliyotufungua midomo. Usiku wa kwanza wa baharini tulikaa nje, miguu tumeiweka juu ya kijiti cha kizuizi, upepo unavuma mwanana. Baba Salma akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama Salma, upepo huu unatoka mashariki tu. Tangu mchana haujabadilika." Nikamwambia ndio upepo wa huku. Akasema, "Kwetu saa hizi ni kaskazi, na mvua za masika zikiingia utageuka uwe kusi. Jahazi linakwenda na upepo na linarudi na upepo. Huku waliokuja na matanga kutoka Afrika na Ulaya walisukumwa upande mmoja. Kurudi ilikuwa kazi nyingine."

Mimi ni mtu wa Pemba, yeye ni wa Nungwi, mtoto wa baharia. Hilo nilikuwa nalijua siku zote, lakini nililijua kama unavyojua jina la babu yake mtu. Usiku ule akaniambia habari ambayo sikupata kuisikia tangu anioe. Alipokuwa mdogo, hajatiwa bado chuoni, baba yake alimchukua kwenye jahazi la kwenda Tanga na shehena ya nazi. Katikati ya mkondo wa Pemba upepo ukakata. Bahari ikalala, tanga likaning'inia, wakakaa hapo usiku kucha. Yeye akalia. Baba yake akamlaza kifuani na kumwonyesha Kilimia, akamwambia wakulima wanaitazama kujua wakati wa kulima na mabaharia wanaitazama kujua njia, kwa hiyo yeye akiwa yeyote kati ya hao wawili asiisahau. Akainua mkono kunionyesha. Ilikuwepo, kile kikundi kidogo cha nyota, juu kabisa karibu na utosi. "Ukiwa Nungwi, Kilimia hukaa upande wa kaskazini," akasema. "Huku tumeisogelea, imetupandia kichwani."

Nilimwuliza kwa nini hakunisimulia miaka yote hiyo. Akafikiri kwa dhati kabisa kabla hajajibu. "Saa ngapi?" akasema.

Grenada tuliiona baada ya sala ya alfajiri. Mji wa St. George's umepanda vilima kuzunguka bandari, mapaa mekundu, na juu ya mdomo wa bandari iko Fort George, ngome iliyojengwa na Wafaransa. Siku ya uhuru wao ni Februari 7, uhuru wa mwaka 1974, na kila mahali palikuwa pamepakwa rangi za bendera: mawe ya kando ya barabara, magurudumu makuukuu, vigogo vya miti, vyote vyekundu, njano na kijani. Bendera yenyewe ina kungumanga upande wa mlingoti. Nchi iliyoweka kiungo cha jikoni kwenye bendera yake nilikuwa nimekwisha kuipenda kabla sijashuka ngazi.

Wenzetu wengi wa melini walikwenda ufukwe wa Grand Anse. Ni ufukwe mzuri, sikatai, lakini watu wa Nungwi na Pemba mchanga mweupe hautuvuti namna hiyo. Tulikodi teksi ya mzee mmoja mpole, tukamwambia atupeleke kwenye kungumanga. Akafurahi. Alipita njia ya ngome ili tuione, akatwambia hapo ndipo Waziri Mkuu Maurice Bishop alipouawa Oktoba 19, 1983, siku sita kabla majeshi ya Marekani hayajatua. Baba Salma alikuwa kijana mwaka ule, na habari aliisikia redioni akiwa Unguja. Alivua kofia ndani ya gari. Mzee wa teksi akamtazama kwenye kioo, na tangu hapo wakawa kama ndugu. Mie nikaachwa nitazame dirishani.

Na vya kutazama vilikuwepo. Nchi yenyewe ni ndogo, pamoja na visiwa vyake vidogo ni kilomita za mraba 344, kama theluthi ya Pemba hivi, lakini imejaa milima na ukijani. Magari yanapita kushoto kama kwetu. Daladala zao zinapiga honi na kondakta kichwa nje. Minazi, migomba, miembe, mishelisheli yenye majani yale makubwa yaliyochanika. Mahali fulani kabla ya Gouyave mzee alisimamisha gari, akashuka, akaokota tunda chini ya mti akanipa. Lilikuwa limepasuka lenyewe. Ndani basibasi nyekundu imelizungushia kokwa kama wavu. Nilinusa, nikashindwa kusema. Nyumbani kwetu, nje ya jiko, kati ya mikarafuu ya baba, tulikuwa na mkungumanga mmoja. Mama alikuwa akianika basibasi kwenye ungo, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa.

Gouyave ni mji wa wavuvi pwani ya magharibi, na pale pana jengo kubwa la mbao la kutayarishia kungumanga, mali ya ushirika wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1947. Harufu yake inakukuta barabarani. Wakulima huleta kungumanga zao, zinapimwa, zinaanikwa kwenye matabaka ya mbao kwa majuma kadhaa mpaka kokwa icheze ndani ya ganda, kisha zinabanjwa. Zinatiwa majini: inayozama ni nzuri, inayoelea huwekwa kando kwa kukamuliwa mafuta. Halafu kina mama wanakaa kwenye meza ndefu wanachambua kwa mkono, kubwa huku, ndogo kule, yenye tundu pembeni. Vidole vyao vilikuwa vinakwenda mbio na macho wanatutazama sisi.

Nilisimama karibu na mama mmoja wa makamo nikamwambia kwamba mimi nimekua nikichambua karafuu, kutoa makonyo, juu ya jamvi, mpaka usiku kwa taa ya kandili, kwenye kisiwa kilichoko upande wa pili wa Afrika. Akaacha kazi. Akaniuliza karafuu zetu huanikwa siku ngapi, nani huchuma, watoto hupanda juu ya miti au hapana, mvua ikija ghafla mnafanyaje. Haya ni maswali ya mtu anayejua. Nikamjibu yote: siku tatu nne jua likiwa kali, na mvua ikija kijiji kizima kinakimbia, hata aliyekuwa anakula anaacha.

Yeye akanipa habari ya kimbunga Ivan. Septemba 7, 2004. Kabla ya siku hiyo, Indonesia tu ndiyo iliyokuwa ikiwazidi kwa kungumanga duniani. Ivan iliangusha sehemu kubwa ya miti ya kisiwa kizima, pamoja na mapaa ya nyumba. Shamba la baba yake lililala chini lote. Wazee wengi hawakupanda tena, akasema, maana mkungumanga unaupanda leo unangoja miaka, na hata ukishakua hujui kama ni dume au jike mpaka utoe maua. Mtu wa miaka sabini atangojea nini? Baba yake alipanda. Alifariki miti haijazaa. Zile alizokuwa akizichambua siku ile, akasema, baadhi zimetoka huko.

Nikamwambia na sisi tulipata chetu, mwaka 1872, kikaifuta mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, ndiyo maana tangu wakati ule karafuu ni habari ya Pemba. Liko na jambo jingine nililolifikiri pale mezani ambalo sikumwambia, kwa sababu lilihitaji kitako cha siku nzima. Wao wanasimulia kwamba kungumanga iliingia Grenada mwaka 1843, baada ya watumwa wa makoloni ya Waingereza kuwa huru kamili mwaka 1838. Zao lao la fahari lilikuja mikono ikiwa imekwisha kufunguliwa. Karafuu zetu zilipandwa na watumwa, na utumwa Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka 1897. Naipenda karafuu, imenisomesha. Lakini nilipowaona wale kina mama wana ushirika wao, niliona wivu mwema.

Mchana mzee wa teksi alitaka tule chakula cha nchi yao, wanakiita oil down. Kwa kawaida hutiwa nyama ya chumvi ambayo sisi hatuli, akakumbuka jirani yake aliyekuwa amepika ya samaki mkavu. Mama yule alitukaribisha barazani. Nilifunua sufuria nikamtazama Baba Salma, naye akanitazama. Shelisheli la nazi! Lina manjano, lina vibonge vya unga, na juu limefunikwa majani ya majimbi, lakini ni shelisheli la nazi, limeachwa motoni bila kukorogwa mpaka tui lote limekaukia na mafuta yametoka. Shelisheli ililetwa visiwa hivyo na nahodha William Bligh mwaka 1793 kutoka Tahiti, iwe chakula cha bei rahisi cha watumwa. Wajukuu wa watu hao wameigeuza kuwa chakula cha sherehe. Baba Salma alikula kwa mkono, akaongezewa, akaongezewa tena, na mama wa watu akafurahi kiasi cha kumfungia jingine la kupeleka melini.

Visiwa vilivyofuata vilikuwa vizuri na nitavipita haraka. Bridgetown, Barbados, tulikula ugali wao laini wa bamia na samaki warukao. St. Lucia tulipita chini ya ile milima miwili ya Piton jua likizama, tukapiga picha nyingi ambazo hakuna hata moja inayoonyesha ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya siku hizo tulikaa roshani. Alinieleza jinsi alivyoshonewa kanzu ya harusi yetu kwa deni. Nami nilimwambia habari za mzee mmoja niliyekuwa namhudumia kazini, aliyekuwa akiniita kwa jina la mkewe marehemu, na jinsi nilivyokuwa nikiitika. Hilo nalo sikuwa nimemwambia. Alinishika mkono na hakusema kitu, na sikutaka aseme.

Tuliporudi aliomba kuhamishwa zamu. Ilichukua mpaka kiangazi, lakini alipewa ya asubuhi, na sasa saa kumi na moja jioni sote wawili tuko nyumbani. Jumamosi tunakwenda barabara ya Eglinton, upande wa maduka ya Wajamaika, kutafuta shelisheli. Muuzaji mmoja alitufundisha kuchagua: usichukue lenye ganda la kijani kibichi tupu, tafuta lenye alama za utomvu ulioganda juu, hilo ndilo limekomaa. Baba Salma ndiye anayemenya na kukuna nazi. Manjano anataka nitie kama walivyotia Gouyave, mimi nasema kwetu Pemba hatutii, na mpaka leo hatujaafikiana.