Kaunta buku saba na mashine ya salfa

Juzi nlikua nasafisha chini ya kaunta hapa dukani Magomeni nikatoa kaunta buku saba, zile za kwaya mbili, zina vumbi mpaka nikapiga chafya. Zote ni za mahesabu ya uwakala wa kuweka na kutoa pesa kwa simu. Nikafungua moja moja. Ya kwanza imeandikwa kurasa tisa, ya pili sita, kuna moja nimeandika ukurasa mmoja tu af nimechora mistari kwa rula na wino mwekundu vizuuuri kama daftari la mtoto wa darasa la tatu, halafu basi, nyeupe mpaka mwisho.

Mnaofanya uwakala mnajua hii kazi ilivyo. Mteja akiweka pesa floti (salio la wakala kwenye simu) inashuka keshi inapanda, akitoa floti inapanda keshi inashuka, kwahiyo jioni ukijumlisha floti na keshi lazima upate mtaji wako ule ule, mi wangu ni milioni moja na nusu. Ikipungua kuna kitu. Hesabu yenyewe haizidi dakika tano, wala sio ngumu, na ndo maana inaniuma, maana nimeshindwa kitu cha dakika tano miaka mitatu.

Mwezi wa tatu nikajumlisha nikakuta pengo la elfu themanini na tano. Nikafungua daftari kuangalia ilianza lini, nikakuta mara ya mwisho kuandika ni siku kumi na moja nyuma. Siku kumi na moja! Meseji za miamala zipo lakini meseji haionyeshi mkono ulioingia kwenye droo. Nikamuuliza dogo ninayekaa naye hapa dukani, na sikumuuliza vizuri, nliuliza kama mtu ambaye jibu anajua tayari. Dogo hakunijibu, akachukua ndoo akaenda kuteka maji, akakaa wiki nzima ananiambia "ndio kaka", "hapana kaka" basi. Mpaka leo sijui ile hela ilienda wapi. Inawezekana kabisa ni mimi, maana nna tabia ya kuchomoa buku tano ya mboga, kumi ya bodaboda, nasema ntarudisha.

Na unajua nlifanya nini baada ya hapo? Nikanunua daftari jipya.

Sasa mwezi wa sita nikaenda kijijini kwa mzee, upande wa Nanyamba, Mtwara, msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kwa wasio wa huku: mkorosho ukianza kutoa machipukizi na maua unaingiliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, ni kama mtu kamwagia unga mweupe, maua yakishaungua hapo huna korosho, utabaki unaangalia majani. Salfa haitibu ua lililokufa, inakinga tu, kwahiyo unapuliza halafu baada ya wiki mbili unarudia, unarudia tena, mpaka maua yapite salama. Na unapuliza alfajiri, upepo haujaamka na umande bado upo, vumbi linanasa. Ukichelewa kwa sababu ya chai, salfa yote inaenda kwa jirani.

Sa kumi na moja mzee kaniamsha. Yeye miaka sitini na kitu, mgongo unamsumbua, ila mashine kaibeba mwenyewe, kanipa mimi kubeba mfuko na kibuyu cha maji. Macho yanawasha hatari. Tumefika kwenye kipande cha chini nikaona baadhi ya mikorosho maua yake yameanza kuwa meusi, nikamuuliza baba hapa vipi, akasema raundi iliyopita hiki kipande alikiruka, alikua na homa siku nne. Akasema hivo kama anasema jana ilinyesha, akavuta kamba ya mashine akaendelea kupuliza pale pale, kwenye ile iliyobaki. Mi nikasema moyoni ningekua mimi hapa ningeshasema msimu umeharibika, ntaanza vizuri mwakani. Nikamwambia kabisa kwa mdomo. Mzee akazima mashine, akanitazama, akasema, "Sasa mwanangu, mkorosho utaung'oa ukapande mwingine?"

Akawasha mashine. Hakuongeza neno.

Niliporudi mjini nikawa nasoma soma mtandaoni haya mambo ya mazoea, maana kila mtu anasema siku 21, siku 21. Nikakuta watafiti wa University College London, utafiti wao ulitoka 2009, walifuatilia watu 96 wanaojaribu vitu vidogo tu, kunywa maji, kula tunda mchana, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Wastani wa kitu kuwa mazoea ni siku 66, wapo walioweza siku 18, na wapo waliokadiriwa kufika 254. Hiyo 254 ilinifariji kwa kweli, nikajua wazito wenzangu wapo. Ila kilichonishika zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Moja, sio kumi na moja, nimekuelewa usinijibu. Kilichokua kinaniua mimi sio ile siku niliyoruka, ni aibu ya ule ukurasa wenye pengo, sitaki kuuona, kwahiyo nakimbilia daftari safi, na daftari safi nalo likipata pengo nalikimbia.

Kwahiyo safari hii sijanunua. Nimechukua lile la saba, nimeendelea chini ya pale nilipoachia mwezi wa nne, tarehe zimeruka kama meno ya bibi. Na dogo (tumepatana, nlimuomba radhi na chipsi kuku) ndo katoa akili: kufuli la duka na funguo tunaviweka juu ya daftari, daftari lenyewe limefungwa kwa mpira na kalamu ndani. Ukitaka kufunga duka lazima ulishike. Mwanzo niliona utoto. Kumbe nikichoka sa tatu usiku kichwa hakikumbuki malengo ila mkono unatafuta kufuli.

Nimeruka mara nne mpaka sasa. Jumapili ya juzi umeme ulikatika nikafunga gizani nikaenda zangu, asubuhi nikaandika "jpili sijahesabu" nikaendelea na ya Jumatatu.

Leo saa tatu na robo: floti 912,400, keshi 586,900. Inapungua mia saba. Dogo anasema hajui, ila mdomoni ana mafuta ya sambusa.