Dagaa wa Juni aliwavua nani?

Baba mdogo ana boti mbili za uvuvi pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na simu yake kubwa ni ya WhatsApp tu. Nilipompelekea chati ya dagaa wanaovuliwa kila mwezi, niliyokuwa naionea fahari, aliisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake, akakunja uso.

"Mwanangu, hawa dagaa wa Juni aliwavua nani?"

Nikamwambia, baba, hizo ni takwimu za mwaloni, zimeandikwa na wenyewe wanaopima.

"Juni ya mwaka gani?"

"2024."

Alicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa kwenye chanja akasogea kujua kuna nini. Upande wetu Ziwa Tanganyika lilifungwa, hakuna kuvua, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule. Juni nzima baba mdogo alikuwa anashona nyavu na kupaka boti rangi. Chati yangu ilionesha Juni ina dagaa, Julai ina dagaa, hata mwanzo wa Agosti wamo. Nilirudi Mwanga na bodaboda, sina hamu hata ya chai.

Niseme ukweli, ile kazi sikuianza mimi. Niliipokea kwa mtu aliyemaliza mkataba wake akaondoka, akaniachia hazina ya Git, yaani ripo, folda ya mradi inayotunza kila badiliko, na ujumbe wa mstari mmoja: kila kitu kimo humo, andika `make` tu. Kweli kila kitu kilikuwamo. Kulikuwa na folda ya data ghafi, folda ya data safi, folda ya skripti (programu fupifupi), folda ya matokeo, faili la mipangilio, faili la mazingira linalotaja kila programu na toleo lake, na README, faili la maelezo, iliyoishia katikati ya sentensi. Hazina ilikuwa imepangwa vizuri kuliko kabati langu. Unaandika neno moja, unasubiri dakika tatu, unapata chati ileile aliyoipata yeye, kwenye kompyuta yoyote. Mimi nikaona basi, kazi imekwisha.

Usiku ule nikaanza kuifungua kwa namna ambayo naamini wengi wetu huifanya: faili la kwanza juu, la pili, la tatu, kama mtu anayesoma orodha ya majina. Saa nzima nilikuwa nimesoma skripti tano na sijui ipi inamlisha nani. Mbili kati ya hizo, nilikuja kujua baadaye, hazikuwa zikitumika kabisa. Zilikuwa mabaki tu.

Kilichoniokoa ni kuanzia mkiani. Nilichukua jina la picha yenyewe, `chati_mwezi.png`, nikalitafuta humo ndani kwa `git grep`, amri inayotafuta neno kwenye mafaili yote. Likatokea sehemu mbili tu: kwenye skripti inayoichora na kwenye Makefile, faili ambalo amri ya `make` hulifuata. Makefile ndiyo nilipaswa kuianza tangu mchana. Inasomeka kama maelezo ya mapishi: kushoto kwa nukta mbili kuna chakula, kulia kuna viungo, chini yake namna ya kupika. (Chombo chenyewe cha Make ni cha mwaka 1976, Stuart Feldman alikiandika akiwa Bell Labs. Kinaizidi umri karibu kila programu nyingine iliyomo kwenye kompyuta yangu.) Chati inatokana na jedwali la jumla, jedwali linatokana na data safi, data safi inatokana na ghafi kupitia `safisha.py`. Hatua tatu. Kwenye kila hatua nikafungua faili na kuuliza swali la baba mdogo: Juni wamo?

Kwenye jedwali walikuwamo. Kwenye data safi walikuwamo. Kwenye ghafi, hakuna hata kilo moja.

Basi jambazi ni `safisha.py`. Nikaitazama ile Juni ya uongo siku kwa siku, na hapo ndipo usingizi ulipotoka kabisa. Dagaa walikuwapo tarehe 1 hadi 5, kisha 9 hadi 12. Tarehe 6, 7 na 8 patupu, na baada ya 12 patupu. Julai vilevile. Agosti vilevile, mpaka ziwa lilipofunguliwa.

Daftari la mwaloni linaandika siku kwanza, mwezi baadaye. 06/01/2024 ni 6 Januari. Pandas, maktaba ya Python ambayo `safisha.py` inaitumia kusoma majedwali, isipoelekezwa, inaanza na mwezi kama Wamarekani, ikaisoma 1 Juni. Tarehe 6 Februari ikawa 2 Juni, 6 Machi ikawa 3 Juni, na kuendelea. Siku ikizidi 12, haiwezi kuwa mwezi, na toleo la zamani lililofungiwa kwenye faili la mazingira linageuza kimyakimya na kusoma sawasawa. Na zile tarehe 6, 7 na 8 Juni? Zingetoka 6 Juni, 6 Julai na 6 Agosti, na siku hizo ziwa lilikuwa limefungwa. Kimyakimya si haki kusema. Programu ilikuwa inatoa onyo, ila mwenzangu aliyeniachia kazi aliandika mstari wa kuzima maonyo yote. Nadhani yalikuwa yanamkera.

Kilichonitia uchungu ni kwamba nilikuwa nimeijaribu data hiyo mapema, kwa kigezo nilichokiona cha kienyeji na cha busara: mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, boti nyingi zinalala, kwa hiyo samaki wapungue. Walipungua vizuri kabisa. Sasa naelewa kwa nini. Kila mwezi wa kalenda, umri wa mwezi wa angani unasogea kama siku moja hivi, kwa hiyo ukibadilishana siku na mwezi unaangukia karibu palepale. Tarehe 6 Novemba 2024 mwezi ulikuwa na siku tano tangu uandame. Tarehe 11 Juni, siku tano. Mbalamwezi ilinidanganya kwa uso mkavu.

Nikaandika mpangilio kamili wa tarehe ndani ya `safisha.py`, nikaandika `make`. Ikajibu hakuna la kufanya. Nikaandika tena, kana kwamba haikusikia. Make inalinganisha muda wa faili, na mwenzangu alitaja data ghafi kama kiungo lakini hakuitaja `safisha.py` yenyewe. Ukibadilisha mpishi, yenyewe inaona unga ni uleule, haipiki. Nikaongeza jina la skripti kwenye ile orodha, nikafanya vivyo hivyo kwa hatua zilizobaki, na saa tisa usiku Juni ikawa nyeupe.

Jumamosi nikarudi Kibirizi. Shikamoo, marahaba, simu ikasogezwa mbali na macho. Alipitisha kidole kwenye ile nafasi tupu ya miezi mitatu, akaguna kwa kuridhika. Kisha kidole kikaenda upande wa pili, kwenye mwalo mwingine.

"Na hawa, mbona wanatuzidi hivi? Wanapima kwa kilo au kwa ndoo?"

Kwenye faili la mipangilio kuna mstari unaosema ndoo moja ni kilo ngapi. Ni mmoja tu, kwa mialo yote.

"Maana ndoo ya wale," akasema, "inajazwa mpaka iwe na kilima."