Uzoefu wangu: kusoma chavua za leo katika nyanda za juu kavu

Chavua, yaani unga wa maua, hutumika kukadiria mimea na tabianchi ya zamani, lakini katika nyanda za juu kavu asilimia zake hupotosha upesi. Mimea ni michache, chavua inayotolewa papo hapo ni kidogo, na upepo wa mchana hupanda kutoka mabondeni ukibeba chavua za miti ya huko chini. Ndiyo maana udongo wa mlimani usio na msonobari hata mmoja huweza kujaa chavua za msonobari (Pinus). Kwa hiyo sianzi na matope ya kale ya ziwani. Naanza na udongo wa juu wa leo, mahali ambapo mimea naiona kwa macho na kiasi cha mvua kinajulikana, ili nijue kwanza chavua zinavyohusiana na mimea na tabianchi.

Kuvumwani (mimea midogo laini iotayo kama zulia) hunasa chavua vizuri zaidi, ila kwenye ukavu ni nadra kuipata, hivyo mara nyingi natumia udongo. Napima eneo la mita 10 kwa 10, nachota sentimita 1 ya juu katika sehemu kama kumi zilizotawanyika, kisha nachanganya zote ziwe sampuli moja. Usichote chini ya kichaka kinachochanua. Kishada kizima cha chavua kikidondoka hapo, hesabu imeharibika. Kaa mbali na mazizi, barabara na kingo za maziwa ya chumvi. Hapohapo naandika kila aina ya mmea, sehemu ya ardhi unayoifunika, na mwinuko. Sampuli isiyo na orodha hiyo mimi huitupa. Udongo wenye unyevu nauanika ndani siku hiyohiyo, nikiufunika kwa karatasi ili chavua zinazopeperuka zisiingie. Ukifungwa mbichi, kuvu hushambulia chavua.

Maabarani, gramu 5 za udongo zinatosha kwa kawaida. Kabla ya kemikali yoyote naweka vidonge vya spora (chembe za uzazi) za mmea wa Lycopodium, zenye idadi inayojulikana, ili kinachopotea njiani kipotee kwa uwiano uleule. Asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 huingia tone kwa tone, kwa sababu udongo wenye chokaa hutoa povu hadi likafurika. Tone la alkoholi hulituliza. Hufuata potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwenye maji ya moto kwa dakika 10, kisha kuchuja. Kuondoa mchanga napendelea kimiminika kizito, chenye uzito mara 2.0 ya maji: chavua huelea, madini huzama. Asidi ya haidrofloriki hufanya kazi hiyo pia, lakini hupenya ngozi hadi mfupani, na sioni sababu ya kuishika pasipo lazima. Mwisho ni asetolisisi, yaani kusafisha chavua kwa asidi: anhidraidi ya asetiki sehemu 9, asidi ya sulfuriki sehemu 1, dakika 3 kwenye joto. Lazima kwanza maji yaondolewe kwa asidi ya asetiki isiyo na maji, la sivyo mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka.

Chini ya darubini, kwa ukuzaji wa mara 400, nahesabu chembe zisizopungua 300. Zile za jamii ya mchicha (Chenopodiaceae) ni duara lenye vitundu pande zote, kama mpira wa gofu. Artemisia, yaani pakanga, ina mifereji mitatu na ukuta mnene katikati ya mifereji, unaopungua kuielekea. Ephedra, kichaka cha maeneo makavu, ina matuta marefu bila vitundu. Udongo wa alkali unaolowa na kukauka mara kwa mara huzila chavua, na zile za mchicha hutambulika hata zikichakaa, kwa hiyo huonekana nyingi kuliko haki yake. Kila chembe iliyoharibika naihesabu kando.

Halafu wingi, yaani idadi ya chavua kwa kila gramu ya udongo. Nikipata chavua 400 na Lycopodium 200, nikiwa nimeweka spora 20,000 kwenye gramu 5, ni 400 ÷ 200 × 20,000 ÷ 5, yaani 8,000 kwa gramu. Msonobari ukipanda kwa asilimia huku wingi wa jumla ukishuka, kwa kawaida misitu haikukaribia; mimea ya hapo ndiyo iliyopungua.

Uwiano wa pakanga kwa mchicha hutumika sana kupima unyevu katika Iran na uwanda wa Tibet, kwa sababu pakanga huhitaji maji zaidi msimu wa kukua. Chembe 120 kwa 80 ni 1.5. Lakini mchicha hustawi pia penye chumvi hata mvua ikiwa nzuri, na malisho mazito mara nyingi huongeza pakanga kwa kuwa mifugo huikwepa. Uwiano huo nautumia ndani ya nyika na jangwa tu, kamwe si kwenye majani ya alpaini, yaani ya mlimani juu ya mpaka wa miti.

Kuhusu tabianchi, kosa kubwa hutoka kwenye data za gridi, yaani ramani ya hali ya hewa iliyogawanywa katika miraba (seli). Mlimani, seli ikiwa na mwinuko unaozidi ule wa eneo lako kwa mita 300, joto lake litakuwa pungufu kwa takriban nyuzi 2, kwa hiyo nasahihisha kwa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, au kwa kiwango cha vituo vya hali ya hewa vya karibu, vikiwepo. Na ninapoujaribu mfano, yaani hesabu inayokadiria tabianchi kutokana na chavua, sampuli zote za jirani na ile ninayoikadiria naziondoa kwenye sampuli za kuufunza. Zikibaki, mfano hupata alama nzuri kwa ujirani tu.