Siku moja maishani mwangu: mita nne kutoka wapi?

Saa 11:00 alfajiri, Chake Chake. Nikishasali, kabla hata ya chai, nafungua vitu viwili kwenye simu: jedwali la maji kupwa na kujaa, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Leo mwezi ni kumi na tano, bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na kusi linavuma. Jedwali linasema maji yatajaa saa 10 jioni, karibu mita 4. Taarifa ya hali ya hewa imetoa angalizo: upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2. Kazi yangu yote imo humo. Mita 4 za jedwali zinahesabiwa kuanzia karibu na pale maji yanapopwa mno. Mita 2 za wimbi zinahesabiwa kutoka bondeni mwa wimbi hadi kileleni mwake. Hakuna hata moja inayoanzia kizingitini kwa mtu, na watu wanachotaka kujua ni hicho tu.

Saa 12:30. Gari kwenda Chokocho. Mimi ni mjiolojia, nilisomea Dar. Wengi niliosoma nao wako kwenye dhahabu, Geita na Kahama, na mama yangu bado huniuliza nitaipata lini ya kwangu. Pemba hatuna dhahabu, mama. Tuna udongo, mchanga, mawe ya matumbawe, na bahari inayotaka kuingia shambani.

Saa 1:15. Tunavukia Kisiwa Panza. Nahodha ananihimiza, maana maji yanatoka na tukichelewa tutaisukuma mashua matopeni katikati ya mikandaa.

Saa 2:00. Visima. Huku bahari imekuwa ikiingia mashambani kwa miaka, na wenyeji wanapanda mikoko kuizuia. Ninachopima mimi ni chumvi ya visimani. Bibi mwenye kisima hanisubiri. Anateka, anaonja, anatema. "Ya kufulia haya, mwanangu, si ya kunywa." Natumbukiza kipimo ndooni nakubali. Maji matamu ya kisiwa kidogo huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi kwa kuwa ni mepesi. Kwa hesabu ya kitabuni, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba mita 40 hivi chini yake. Kwa hiyo ukifunga pampu ukashusha maji nusu mita, ya chumvi yanapanda mita 20 kuja kukukuta. Bibi namwambia kwa ufupi: ateke kwa ndoo, asubuhi kidogo na jioni kidogo, na mwenye kumletea pampu ya bure amshukuru amrudishie.

Saa 4:00. Pwani kumekupwa. Wanawake wako mbali kule mwambani wanatafuta chaza, nami nina fito mbili zenye alama za sentimita, kamba, na kijana wa kushika fito ya pili. Tunaanzia kwenye kigingi kilicho juu ya ufuo na kushuka hatua kwa hatua hadi majini. Kila hatua naangalia upeo wa bahari ukipita juu ya fito ya mbele, nasoma ufuo umeshuka sentimita ngapi kwenye fito yangu, naandika. Kifaa cha satelaiti kingefanya haraka zaidi, ila fito haziishiwi chaji, na kijana akizizoea anaweza kupima mwenyewe nisipokuwepo.

Saa 7:30. Baada ya adhuhuri, barazani kwa sheha. Hapa ndipo penye kazi ngumu. Mzee mmoja anauliza habari za tsunami, kwa kuwa kaona video kwenye simu ya mjukuu wake. Namweleza ya tarehe 26 Desemba 2004. Ardhi ilitetemeka Sumatra, kwetu ikiwa bado alfajiri, karibu saa 10. Mawimbi yalivuka bahari nzima kwa kasi ya ndege, na bado yalichukua saa nyingi, yakatufikia huku mchana. Tanzania walikufa angalau watu 10. Siku zile hapakuwa na mfumo wa kutupa habari. Sasa vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari, na saa hizo zinatosha mtu kupanda juu na kuku wake.

"Sasa vipeperushi vyenu," mzee anasema, "vinatuambia bahari ikikimbia, tukimbie. Bahari hapa inakimbia kila siku mara mbili. Tukimbie mara mbili?"

Baraza zima linacheka, na mimi nacheka, lakini mzee yuko sawa kabisa. Maneno yale yameandikwa na watu ambao bahari yao haitoki ikaacha uwanja mkavu unaoweza kuchezewa mpira. Nikamuuliza maji ya leo yanajaa saa ngapi. Akajibu papo hapo bila kutazama popote. Basi, nikamwambia, kwako wewe onyo ni maji yakipwa nje ya saa yake. Hilo akalipokea. Sheha akaniambia niliandike vile vile, nisiongeze kitu.

Saa 10:00. Maji yamejaa. Hayaji kwa kishindo: yanapanda kijito, yanatokeza kwenye mashimo ya kaa, kisha unaona yametanda baina ya mashina ya mpunga. Chumvi yake itabaki udongoni mpaka mvua iioshe. Kwenye mnazi ulio ukingoni tumepaka alama tatu za rangi nyekundu. Leo maji yamegusa ya kwanza.

Saa 12:00 jioni tunarudi. Mashua inarushwa na kusi, nimelowa mpaka daftari.

Saa 2:00 usiku. Naandika mara mbili. Ofisini wanataka jedwali, mita na tarakimu. Kwa sheha natuma sauti: "Shikamoo bwana sheha. Maji makubwa zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Kesho saa 10 na nusu hivi yatafika alama ya pili, na kusi likizidi yatapita. Madau yapandishwe, mwani ulioanikwa chini uondolewe."

Sheha kajibu kwamba ataisema msikitini baada ya isha, na kijana atapiga picha ya mnazi kesho maji yakijaa. Yakifika ya tatu, wiki ijayo navuka tena na mkebe wa rangi.